Gitaa Lisilolegezwa Nyuzi

Mambo haya yalimpata Byabato, mdogo wake baba yangu. Sehemu yake nilisimuliwa na mkewe, mama mdogo Placidia, ambaye hajui kutia chumvi katika maneno. Sehemu nyingine niliiona kwa macho yangu.

Siku yenyewe ilianza kama siku yoyote ya kijiji chetu cha Ihanda. Mwaka ulikuwa 1988. Mavuno ya kahawa yalikuwa yamekwisha, ukungu ulikuwa bado haujaondoka migombani, na baba mdogo alikuwa amekaa kizingitini anakunywa uji. Alikuwa mtu aliyechoka. Asubuhi alilima, mchana alipanda baiskeli kwenda Omurushaka alikokuwa na kibanda cha kutengeneza redio, jioni alifundisha kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri. Gitaa alilopigia kwaya alilichonga mwenyewe kwa mbao za sanduku, na nyuzi zake zilikuwa waya za breki ya baiskeli. Zilimkata vidole kwa miaka mingi. Sasa waumini walikuwa wamechanga kahawa, kila familia kwa kadiri yake, ili kwaya ipate gitaa la umeme na amplifaya.

"Leo nakwenda kuchagua," alimwambia mkewe. "Nikipata chombo kizuri, Placidia, hata uchovu huu utapungua."

Alikwenda na mwenyekiti wa kwaya, mzee Ndyamukama, mtu mnene, mcheshi, asiyejua lolote kuhusu magitaa isipokuwa rangi. Waliacha baiskeli Omurushaka, wakapanda pikapu iliyokuwa ikienda kuchukua ndizi, wakafika Nkwenda jua likiwa limepanda.

Huko kulikuwa na mfanyabiashara aitwaye Mbonimpa. Nyuma ya duka lake alikuwa na chumba alimotunza vyombo vya bendi iliyokuwa ikipiga katika baa moja kwenye njia ya mpakani. Bendi ilikuwa imevunjika na vyombo vikabaki kwake. Magitaa yaliegemezwa ukutani, vumbi limeyafunika. Amplifaya zilipangwa kama masanduku ya watu wanaohama.

Ndyamukama alikwenda moja kwa moja kwenye gitaa jekundu.

"Hili hapa! Tazama linavyong'aa. Hili hata Askofu akija ataliona."

"Mwenyekiti," baba mdogo akasema, "tumekuja kuchagua gitaa au kitenge cha mama?"

Mbonimpa akacheka. Baba mdogo alilinyanyua lile jekundu, akaligonga tumboni kwa kifundo cha kidole, akalirudisha. "Mbao za kubandika. Sauti yake itakuwa ya debe."

Hakuwa na haraka. Aliinua kila gitaa hadi usawa wa jicho, akatazama shingo yake kwa urefu, kama seremala anavyotazama ubao kuona kama umepinda. Alipitisha kidole kwenye vile vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni. Akamweleza Ndyamukama kwamba hivyo vyuma husema kweli kuliko muuzaji. Gitaa linalopigwa, vyuma vyake hung'aa mahali vidole vinapopita. Likiachwa, hufifia, kisha hushika kutu.

Katika pembe kulikuwa na gitaa kavu, lisilohitaji umeme, la mbao nzuri ajabu. Tumbo lake lilikuwa jepesi, na alipoligonga lilijibu kama mtu. Baba mdogo alitabasamu. Kisha akaona nyuzi. Zilikuwa zimelegea zote, zinaning'inia. Akaliachia taratibu, akapangusa mikono.

"Hili mwenyewe amekufa."

"Umejuaje?" Mbonimpa akauliza.

Hapo lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi, kwa kuwa kila mtu anakua nalo. Katika ukoo wetu, mpiga enanga, kile kinubi chetu cha jadi, akifa, ndugu yake hulegeza nyuzi za enanga ile kabla maiti haijatoka nyumbani. Hiyo ndiyo ruhusa ya marehemu kupumzika. Wazee waliokuja kupiga magitaa waliihamishia desturi hiyo kwenye magitaa bila kujiuliza. Kwa hiyo kwa baba mdogo mambo yalikuwa wazi: nyuzi zilizolegea ni za marehemu, nyuzi zilizokaza ni za mtu aliye hai.

Ndipo akaliona la kahawia.

Lilikuwa la umeme, zito, la mbao nzima isiyobandikwa. Shingo imenyooka. Alipapasa nyuzi kwa kidole gumba, na sauti zikatoka zote mahali pake, zimepatana, hakuna uzi uliokosea.

"Nani amelityuni?"

"Hakuna," Mbonimpa akasema. "Halijaguswa tangu liletwe. Muda mrefu."

Baba mdogo alitazama vyuma. Vile vya juu, karibu na kichwa cha gitaa, vilikuwa vinang'aa. Vingine vyote vilikuwa vimefifia.

"Alikuwa mtu wa rithimu," akasema. "Hakuwa anashuka huku chini kwenye solo. Jina lake nani?"

"Fidele."

"Yuko wapi?"

Mbonimpa alikuwa anapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Amekwenda kwao."

Baba mdogo hakuuliza zaidi. Kwa nini aulize? Nyuzi zilikuwa zimekaza. Gitaa lenyewe lilikuwa limeshamjibu.

Amplifaya alichagua ile aliyokuwa akiitumia Fidele. Ndyamukama alitaka mpya, nyepesi, yenye vitufe vingi. Baba mdogo alifungua mgongo wa ile kuukuu, akamwonyesha taa za kioo zilizosimama ndani.

"Hizi mpya zinapiga kelele mara tu ukiwasha, mwenyekiti. Hii inachelewa kuamka. Mpaka taa zishike moto ndipo inasema. Lakini ikisema, utasikia kifuani, siyo masikioni."

Waliijaribu kwa jenereta ya Mbonimpa, na ikawa kama alivyosema. Ndyamukama alivua kofia. Walirudi Omurushaka juu ya mikungu ya ndizi, na kutoka hapo amplifaya ilifungwa nyuma ya baiskeli, baba mdogo akaisukuma mpaka Ihanda. Kwa vile kanisa halikuwa na kufuli la kuaminika, vyombo viliwekwa sebuleni kwake.

Mama mdogo anasema Jumapili ile ya kwanza watu walilia. Jenereta ya usharika iliwashwa, gitaa likaimba. Elpidius, kijana wa sauti ya besi, alisema hajui kama kwaya ndiyo iliyoimba au ni lile gitaa. Baba mdogo alirudi nyumbani anacheka peke yake.

Lakini Jumatatu aliamka amechoka kuliko alivyolala.

Jumanne hivyo hivyo. Mama mdogo alidhani ni kulima. Akampikia supu ya kuku, akamwambia apumzike. Alilala mapema. Aliamka macho mekundu, kope zimevimba, vidole vya mkono wa kushoto vimechubuka nchani kama vile amepiga gitaa usiku kucha. Hakuwa ameondoka kitandani.

Kisha ikaja habari ya nyuzi. Baba mdogo alikuwa na mazoea ya kulegeza nyuzi kidogo baada ya mazoezi ili shingo isipinde. Jioni alilegeza. Asubuhi zilikuwa zimekaza. Alimuuliza mkewe kama kuna mtoto wa jirani anayechezea. Akalegeza tena, akafunga mlango, akaweka ufunguo mfukoni.

Asubuhi zilikuwa zimekaza. Zote. Zimepatana.

Katika mazoezi ya Alhamisi, saa za mchana, Elpidius alisimama katikati ya wimbo akatazama huku na huku.

"Mwalimu, nani anapiga rithimu?"

"Rithimu gani? Gitaa ni moja. Mimi niko kwenye solo."

"Ndiyo ninachouliza, mwalimu."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Baba mdogo alikuwa ameshaondoa mikono kwenye nyuzi. Alikuwa ameiweka magotini.

Rithimu ilikwenda mpaka mwisho wa ubeti.

Nilirudi likizo ya Desemba kutoka chuo cha ualimu nikamkuta baba mdogo amekuwa mtu mwingine. Mashavu yaliingia ndani. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba mdogo," na ilichukua muda kabla hajapata nguvu ya kuitikia. Kibanda cha redio kilikuwa kimefungwa. Alisinzia akila. Alisinzia amesimama. Na kila aliposinzia, vidole vya kushoto vilianza kutembea juu ya paja, vinabana na kuachia, vinabana na kuachia.

Mama mdogo alinivuta jikoni.

"Baba yangu," akanong'ona, maana ndivyo anavyoniita, "kuna jambo. Juzi tulikuwa tunapalilia, jua la utosi. Nikamwacha Byabato shambani, nikaja kuangalia chungu. Nikasikia gitaa. Nikajisemea, huyu mwanaume amenipita njia ipi? Nikafika mlangoni. Nikasikia mtu ananigusa bega."

"Nani?"

"Byabato. Alikuwa nyuma yangu. Na gitaa bado linalia ndani."

Waliposukuma mlango kulikuwa kimya. Gitaa lilikuwa ukutani. Waya wa amplifaya ulikuwa umeviringishwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba, kama alivyoufunga mwenyewe. Nyumba ile haina umeme. Mama mdogo aliweka kiganja juu ya amplifaya akakiondoa haraka.

Ilikuwa ya moto kama chungu kilichoipuliwa sasa hivi.

Siku iliyofuata niliyasikia ya kwangu. Baba mdogo alisinzia kwenye kiti chini ya mgomba, mchana, mimi nikiwa karibu naye nasoma. Akafungua mdomo. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya kijana, Kiswahili chake cha mtu wa upande wa pili wa mto wa mpakani.

"Nipokee kidogo," ikasema. "Nimechoka."

Nikamwita, "Baba mdogo."

"Watu bado wanacheza," ikasema. "Nipokee."

Hatukungoja. Siku ya gulio mimi na mama mdogo tukaenda Nkwenda. Mbonimpa alipotuona aliingia ndani akasema anaumwa tumbo. Lakini jirani na duka lake kulikuwa na mama wa makamo aitwaye Laurensia, mwenye asili ya Rwanda, aliyekuwa akipika katika ile baa ya njia ya mpakani. Mama mdogo alimsalimu, akakaa kwenye benchi lake, akasema neno moja tu: "Fidele."

Laurensia aliweka mwiko chini.

"Nani amechukua gitaa?"

"Mume wangu."

"Mungu wangu. Yu hai?"

Alitusimulia kwa sauti ya chini, huku akitazama mlango wa Mbonimpa. Fidele alikuwa kijana wa Kirundi, aliyekuja akiwa kibarua wa kahawa, asiye na ndugu upande huu. Wenzake wa bendi waliondoka mmoja mmoja kwa kutolipwa. Akabaki yeye na mpiga ngoma. Sikukuu moja walipiga kuanzia mchana, wakapiga usiku kucha, na mwenye baa hakutaka waache kwa kuwa watu walikuwa wanakunywa. Fidele aliomba kupokewa. Hakukuwa na wa kumpokea. Kulipopambazuka akakaa juu ya amplifaya, akaegemea ukuta, gitaa mapajani.

"Tukasema, mwacheni alale, amechoka," Laurensia alisema. "Nikafagia baa yote nikimzunguka. Nikamfagilia hata chini ya miguu. Jenereta ikaishiwa mafuta, ndipo mtu akaja kumwamsha."

Akaokota mwiko, akaupangusa kwa khanga.

"Alizikwa siku ile ile. Hakuna aliyemlalia msiba. Hakuna aliyetandika nyasi za waombolezaji. Na vyombo, Mbonimpa akavifunga chumbani."

"Na nyuzi?" mama mdogo akauliza.

"Nyuzi zipi, dada?"

Mama mdogo alifunika uso kwa khanga. Kwao Fidele hawakuwa na habari ya kulegeza nyuzi. Na hata wangekuwa nayo, nani angelegeza?

Tulirudi Ihanda na baba mdogo alitusikiliza macho yamefumba. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Kumbe nimekuwa nikimlalia msiba peke yangu. Ndiyo maana silali."

Akaamua. Fidele aliliwe msiba pale pale nyumbani, kama ndugu wa damu. Mzee Ndyamukama alikataa kwanza.

"Byabato, mimi ni mzee wa kanisa. Tumlilie mtu tusiyemjua, aliyekwisha kuzikwa? Watu watasema nini?"

"Mwenyekiti, nitazame."

Ndyamukama alimtazama. Alitazama vile vidole, vinabana na kuachia, vinabana na kuachia. Akasema ataleta kuni.

Nyasi zikatandikwa sebuleni. Moto ukakokwa uani. Hakuna aliyeshika jembe siku ile katika nyumba zote za karibu. Laurensia alipanda lori akaja, akaketi pamoja na wanawake wa kwetu akalia kwa lugha yake. Kwaya ikaimba. Gitaa la kahawia liliwekwa katikati, juu ya amplifaya, kama mwili. Ile rithimu isiyo na mpigaji haikusikika usiku ule. Watu walianza kuwa na amani.

Kulipopambazuka, baba mdogo alikaa juu ya amplifaya, akalipakata gitaa. Alishika funguo za kukazia nyuzi, akaanza na uzi mwembamba.

"Fidele, ndugu yangu, pumzika." Uzi ukalegea, ukalala.

"Pumzika." Wa pili.

Sauti yake ilikuwa inazama. Kila uzi ulipolegea, mabega yake yalishuka, kana kwamba mtu anamtua mzigo. Wa tatu. Wa nne. Wa tano. Vidole vya kushoto vilikuwa vimetulia. Kwa mara ya kwanza tangu nije, vilikuwa vimetulia kabisa. Akashika ufunguo wa uzi mnene, wa mwisho. Kichwa kikainama. Akaegemea ukuta.

Akakoroma.

Nilinyanyuka nimwamshe. Mama mdogo alinishika mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anatabasamu.

"Mwache alale. Amechoka."

Laurensia alikuwa mlangoni. Niliona uso wake ukibadilika. Alifungua mdomo, kisha akatazama furaha ya mama mdogo, akaufunga.

Tulitoka kwa kunyata. Uani jua lilikuwa limetoka. Mama mdogo aliwapa watu chai, Ndyamukama akatania kwamba Byabato atakoroma hadi Krismasi, na watu wakacheka kwa kuziba midomo wasimwamshe. Ilikuwa asubuhi nzuri. Naikumbuka harufu ya kuni.

Ndipo tukasikia, kutoka ndani, uzi mmoja.

Ule mnene. Mara moja tu.

"Anamalizia," mama mdogo akasema. Akasikiliza, kikombe mkononi. Sote tukasikiliza.

Hatukusikia kukoroma.

Niliingia wa kwanza. Alikuwa amekaa vile vile, ameegemea ukuta, mkono kwenye ufunguo. Alikuwa wa baridi. Chini yake amplifaya ilikuwa ya moto.

Uzi mnene ulikuwa umekaza.

Msiba mmoja ukageuka kuwa mwingine, juu ya nyasi zile zile. Kabla hatujamtoa nyumbani, baba alisema mimi nilegeze nyuzi. Sikulegeza. Nilizikata, moja baada ya moja, nikaziviringisha, na tukazitia kaburini pamoja naye. Gitaa likabaki mbao tupu. Nilifanya hivyo ili ajue kwamba kazi imekwisha. Niliamini hivyo kwa moyo wote.

Ndyamukama hakutaka vyombo virudi kanisani, na mama mdogo hakutaka kuviuza kwa mtu mwingine apatwe na yale yale. Amplifaya ikafunikwa kitambaa. Gitaa likatundikwa ukutani, juu yake.

Likizo iliyofuata nilikwenda kumjulia hali. Nilimkuta anamenya ndizi, amepungua kidogo, lakini mzima.

"Unalala, mama mdogo?"

"Usiku nalala, baba yangu. Ila mchana..." Akaenda kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Niliingia sebuleni peke yangu. Sikutaka kugusa kitu. Nilisimama mbele ya gitaa, nikalitazama kwa namna baba mdogo alivyonifundisha kutazama, kwa jicho, pole pole, kutoka kichwani kwenda chini. Lilikuwa halina hata uzi mmoja. Mwili wake ulikuwa umejaa vumbi, na hapakuwa na alama ya kidole juu ya vumbi lile.

Kisha nikatazama vyuma vya shingoni.

Vya katikati vilikuwa vimeshika kutu. Vya juu, karibu na kichwa, pale kwa mtu wa rithimu, vilikuwa vinang'aa.

Na vya chini kabisa, pale baba mdogo alipopenda kushuka na solo, vilikuwa vinang'aa pia.